Mguu Usiosikia

Fundi viatu aliyebobea katika kazi yake hahitaji kumwona mwenye kiatu ndipo aujue mwendo wake. Soli humsimulia yote. Mwenye matege huimaliza soli upande wa nje. Mwenye kuburura kisigino huimaliza nyuma. Mwenye kuchechemea humletea fundi jozi ambayo mguu mmoja umelika ilhali mwingine ungali mpya. Kwa miaka 17 baba mmoja, katika kijiji kilicho kando ya barabara itokayo Mariakani kwenda Kaloleni, Kaunti ya Kilifi, alijichumia riziki kwa kuyasoma maandishi hayo chini ya mwembe. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka 2023, ndara ya mwanawe mwenyewe ilipoanza kumwambia neno, aliitazama asiielewe.

Ilikuwa ndara ya mguu wa kulia. Mvulana huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 10 wakati huo, aliivaa asubuhi akarejea jioni ameishika mkononi, au harejei nayo kabisa. Ilimvuka njiani bila yeye kujua. Mama alimkemea kwa uzembe. Baba alibadilisha gidamu mara mbili; mara ya tatu akaifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi uliozunguka kisigino. Ndara haikuvuka tena, lakini ilianza kulika mahali pasipo pa kawaida: kwenye ncha, pale kidole gumba kinapoishia, kana kwamba mtoto alikuwa akiukwangua udongo kwa vidole kila alipopiga hatua. Baba aliigeuza, akaitazama, akatikisa kichwa, kisha akabandika kipande kipya cha mpira. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kinyozi hajinyoi.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mtoto alijikwaa mstarini, akaanguka uwanjani, akaachwa nyuma katika kila mchezo. Wenzake walimpa lakabu ya Bata. Mwalimu wake, mwenye wanafunzi wengi na saa chache, aliuona utepetevu tu. Kila siku alimhimiza ainue miguu, na kila siku mguu wa kulia uliburuta kidole sakafuni. Siku moja mtoto alijikwaa kizingitini akamwaga ndoo ya maji. Mwalimu akamwuliza kwa nini hasikii anapoambiwa.

"Mwalimu, ni mguu ndio hausikii," mtoto akajibu.

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu, akidhani amefanyiwa stihizai, alimkumbusha methali ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili huijua tangu madarasa ya chini: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisha akamwamuru apige deki.

Mtoto hakuwa amefanya mzaha. Alikuwa ametoa maelezo sahihi ya maradhi yake, kwa neno moja, katika lugha anayoimudu vyema. Ilichukua miezi mitano kabla ya kupatikana mtu mzima wa kulisikia neno hilo.

Mifupa ya mtoto huyo ilikuwa na mafundo. Ndivyo yalivyoitwa nyumbani kwao, mafundo, kama mafundo ya mwanzi au ya muwa. Moja lilikuwa juu kidogo ya goti la kushoto, jingine karibu na bega, mengine madogo kwenye mbavu. Yalikuwa magumu kama mfupa wenyewe, hayakuwasha wala hayakuwa na usaha. Kubwa kuliko yote lilikuwa chini ya goti la kulia, upande wa nje. Nyanya yake alisema ni mafundo ya ukoo, kwamba marehemu mumewe alikuwa nayo akaishi akazikwa nayo, na kwamba mtoto akikua yatakoma. Maji hufuata mkondo, alisema, wala mtu hashtaki mkondo.

Nyanya huyo hakuwa mbali na ukweli. Elimu ya tiba huyaita mafundo ya aina hiyo ostiokondroma, na hali ya kuwa nayo mengi kwa kurithi hukadiriwa kumpata mtu 1 katika kila watu 50,000. Kwa kipimo hicho Kenya, ambayo sensa ya mwaka 2019 iliihesabu kuwa na watu milioni 47.6, ingekuwa na watu wapatao 950 wenye hali hiyo. Chanzo chake mara nyingi ni kasoro katika mojawapo ya jeni mbili zilizotambuliwa miaka ya 1995 na 1996: EXT1 iliyo kwenye kromosomu ya 8, na EXT2 iliyo kwenye kromosomu ya 11. Jeni hizo huuelekeza mwili kuunda sukari ndefu iitwayo heparani salfeti, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kusaidia kuratibu ukuaji wa gegedu. Uratibu huo unapolegea, gegedu iliyo karibu na ncha za mfupa huchipuza pembeni badala ya kwenda juu, kama tawi linalochomoza mahali lisipotarajiwa. Chipukizi hilo hugeuka mfupa. Kwa kuwa hulishwa na ukuaji wenyewe wa mtoto, hukua naye, na kwa kawaida hukoma mifupa yake inapokomaa. Mzazi mwenye kasoro hiyo ana nafasi 1 kati ya 2 ya kumrithisha kila mtoto anayemzaa, awe wa kiume au wa kike.

Uvimbe huo si saratani. Ni kweli kwamba katika watu wachache, aghalabu ukubwani, fundo moja huweza kugeuka na kuwa saratani, na ndiyo sababu fundo linaloendelea kukua baada ya mtu kukomaa halipuuzwi. Lakini utotoni hatari ya fundo kwa kawaida haitokani na hulka yake bali na mahali lilipoota. Fundo jema likiota mahali pabaya hutenda ubaya. Likiota ndani ya njia ya uti wa mgongo huweza kuubana uti huo. Likiota kwenye shingo ya fibula, yaani ule mfupa mwembamba ulio upande wa nje wa mguu, humkuta jirani asiye na pa kukimbilia: neva inayopita hapo chini kidogo tu ya ngozi, ikiuzunguka mfupa kama uzi unaozungushwa kwenye kijiti. Neva hiyo huleta hisi kutoka upande wa nje wa mguu na mgongo wa wayo, na hupeleka amri kwa misuli inayouinua wayo. Ikibanwa, ngozi hufa ganzi na wayo huning'inia. Ikibanwa kwa muda mrefu, misuli hudhoofu na huenda isirudie nguvu zake za awali. Kwa hiyo katika maradhi haya yasiyoua, kinachogombaniwa ni wakati.

Wakati huo ulipotea kwa njia ambazo hakuna hata moja iliyokuwa na nia mbaya. Nyanya, kwa mapenzi yake, alikuwa akimkanda mjukuu kila jioni kwa maji moto na mafuta ya nazi, akilibonyeza fundo kwa kidole gumba ili liyeyuke. Mtoto alipiga ukelele kwamba kitu kama umeme kinamkimbia hadi vidoleni. Nyanya alifurahi akasema damu imeanza kutembea. Mama naye alimpeleka katika zahanati, akamweleza mhudumu kwamba mtoto "anavutwa na mshipa".

Neno hilo mshipa lina mzigo mkubwa kuliko herufi zake. Katika vinywa vya watu mshipa ni njia ya damu, ni ukano unaounganisha msuli na mfupa, ni neva, na Pwani, mtu akisema mwenzake ana mshipa, aghalabu humaanisha ngiri, maradhi ya sehemu za siri ambayo hutajwa kwa sauti ya chini. Mhudumu alilisikia neno kwa maana hiyo ya mwisho. Alimlaza mtoto, akampapasa tumbo na kinena, asipate kitu. Mtoto aliona haya, hakusema neno. Mama, alipoulizwa kama kuna jingine, alilitaja fundo. Akaambiwa kwamba uvimbe usiouma hauna haraka. Waliondoka na dawa za kutuliza maumivu. Katika daftari la mgonjwa, kwa lugha ya Kiingereza ambayo mama hakuweza kuisoma, kulibaki sentensi moja fupi ambayo haikuutaja mguu kabisa.

Ni baba aliyeivunja kimya hicho. Mwezi wa Juni, mteja mmoja aliyepata kiharusi alimletea kiatu chake cha kushoto kimelika ncha. Fundi alikigeuza, akakiweka chini, akaenda nyumbani akaichukua ndara ya mwanawe, akaja akaviweka sambamba juu ya turubai. Vilikuwa vimeandikwa kwa mwandiko mmoja. Siku hiyo hakushona kiatu kingine. Juma lililofuata yeye, mkewe na mtoto walipanda matatu hadi hospitali moja ya rufaa mjini Mombasa, na ndara ile imefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

Daktari wa mifupa aliyewapokea alikuwa mtu wa makamo. Aliitazama ndara kwa muda, akawashukuru walioileta, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake: alimgeukia mtoto.

"Haya, babangu, nieleze wewe mwenyewe. Mguu una nini?"

"Hausikii."

Mama aliinama kwa fedheha. Daktari hakucheka.

"Hausikii nini?"

"Ukiguswa hausikii. Nikiuambia uinuke, hausikii."

Daktari aliiweka kalamu chini. Alichukua pamba, akaipitisha juu ya mgongo wa wayo, mtoto akiwa amefumba macho. Mtoto hakujua lini ameguswa na lini hakuguswa. Akamwambia auvute wayo kuelekea usoni. Wa kushoto ulitii, wa kulia ulitetemeka kidogo ukalala. Akagonga taratibu kwa kidole karibu na fundo la chini ya goti, na mtoto akaruka: umeme ule ule. Kabla ya picha ya eksirei kupigwa, jambo lilikuwa limekwisha kujulikana. Picha ilikuja tu kulithibitisha, ikilionyesha fundo limekaa kwenye shingo ya fibula kama ngumi.

Kisha daktari akauliza: "Nani mwingine katika ukoo ana mafundo haya?"

Kimya kikatanda. Mama alimtazama mumewe. Hata wakati wa kaskazi, joto la Pwani linapowavua watu mashati, fundi huyo huvaa mikono mirefu. Wateja wake walidhani ni staha. Aliinuka polepole, akafungua kifungo, akakunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko. Kigasha chake cha kushoto kilikuwa kifupi kuliko cha kulia na kimepinda kama upinde, na juu ya kifundo cha mkono palikuwa na nundu mbili. Mwanawe alikuwa hajawahi kuuona mkono huo mchana kweupe. Baba aliunyosha mezani kando ya ndara, akasema kwa sauti ya chini kwamba kama kuna wa kulaumiwa basi ndiye huyu.

"Baba, wewe hukumpa kwa kupenda," daktari alimjibu. "Hata wewe ulipewa."

Mama aliuliza swali alilokuwa amelibeba tangu asubuhi: je, ni saratani? Daktari akasema la. Akachukua uzi kutoka kwenye pindo la shati la baba, akauzungusha kwenye kalamu, akaweka kidole gumba juu yake, akaueleza: kalamu ni mfupa, uzi ni neva, kidole ni fundo. Uzi haujakatika, umekanyagwa. Akatumia neno neva, kisha mshipa wa fahamu, kisha akarudi kwenye neno la mtoto mwenyewe. Neva, alisema, ndiyo sikio la mguu. Kwa hiyo aliposema hausikii, alisema sawa.

Upasuaji ulifanywa mwezi wa Agosti mwaka huo. Fundi aliuza mbuzi wawili akalipa malimbikizo ya michango yake katika Bima ya Taifa ya Hospitali, ambayo ndiyo iliyokuwapo kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii mwezi wa Oktoba 2024. Daktari aliitenga neva kwanza, akailinda, ndipo akalichonga fundo pamoja na kofia yake ya gegedu ili lisichipuke tena. Baada ya hapo palibaki subira. Neva iliyoumia hujijenga upya kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku, mwendo ambao hata konokono angeucheka. Mtoto alivaa kiinua wayo cha plastiki ndani ya kiatu, akafanyishwa mazoezi ya viungo, akarudi shuleni na barua. Mwalimu alipoisoma barua hiyo alikwenda hadi kwenye dawati la mtoto na kumwomba radhi mbele ya darasa lile lile lililocheka. Si jambo dogo katika shule zetu, na linastahili kuandikwa.

Mwezi wa Desemba, wakati wa chai ya alasiri, kidole gumba cha mguu wa kulia kiliinuka chenyewe. Nyanya ndiye aliyekiona kwanza akapiga kigelegele. Kufikia katikati ya mwaka 2024 mtoto aliweza kuuinua wayo na kukimbia, ingawa akichoka mguu huanza kuburura tena. Kipande cha ngozi juu ya wayo, upana wa kiganja cha mtoto mchanga, kingali kimelala. Maji yaliyomwagika kati ya Januari na Agosti hayakuzoleka yote.

Kisa hiki kingeweza kuachiwa wataalamu wa tiba, lakini wasomi wa Kiswahili wana sehemu yao ndani yake. Si kweli kwamba lugha haikuwa na maneno. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Neno neva limo katika vitabu vya shule. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Hata hivyo, istilahi hizo zilikuwa rafuni siku mama alipoketi kwenye benchi la zahanati na neno moja tu, mshipa, lenye milango minne, na mhudumu akaingilia mlango usio wake. Istilahi ambayo haijamfikia mgonjwa ni kama dawa iliyofungiwa stoo.

Lakini lipo funzo la pili, nalo ni zito zaidi kwa wanaoshughulika na fasihi. Mtoto yule hakuwa na haja ya istilahi. Kitenzi sikia, ambacho wanafunzi huulizwa katika mitihani watofautishe maana zake, kilikuwa kimembebea zote: kupokea sauti, kupata hisi, kutii amri. Maana mbili za mwisho ndizo kazi mbili za neva, na zote mbili zilikuwa zimekatizwa. Kasoro haikuwa katika usemi wake bali katika masikio ya waliomzunguka. Mwalimu alisikia utovu wa adabu, nyanya alisikia damu ikitembea, mhudumu hakumwuliza kabisa. Methali ile inayomwonya asiyesikia la mkuu ni ya hekima, wala hapana anayetaka kuifuta. Ila katika nyumba ya fundi yule ilijigeuza: guu lilikaribia kupotea kwa sababu wakuu hawakulisikia la mdogo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maumivu ya mguu ayajuaye ni mwenye mguu, hata akiwa na miaka 10 na sare iliyochanika.

Mvulana huyo ana dada mdogo. Mwaka 2024 mama yake alipokuwa akimwogesha, kidole kiliteleza juu ya kitu kigumu kwenye ubavu, kidogo kama punje ya mbaazi. Hakulia wala hakumkanda. Alimwita mumewe, wakalipapasa pamoja, wakaandika tarehe kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la kliniki, na kumpeleka kwa daktari yule yule, ambaye aliwaambia fundo lililo mahali pale huangaliwa tu.

Tangu hapo kila Ijumaa jioni fundi huzipanga ndara za wanawe wote juu ya turubai chini ya mwembe, soli zikiwa juu, akazisoma moja baada ya nyingine. Siku hizi huvaa shati la mikono mifupi.